Jina la Mama Mkwe Daftarini

Alfajiri ya siku ya kura Anselmo alikuja. Alisimama mlangoni kama alivyokuwa akisimama enzi za uhai wake, vumbi la mpingo kichwani, tindo mkononi, akauliza kama foleni imeshaanza. Bernadeta alitaka kumwambia bado hakujapambazuka, mume wangu, ingia unywe uji kwanza, lakini mdomo ulikuwa mzito, haukufunguka. Ulipofunguka, mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na mwanga wa kijivu tu, na ukungu ulioshuka juu ya Temeke ukameza mikorosho, vyoo vya makuti na njia yote ya kwenda Mbagala.

Hakushtuka. Anselmo alikuwa na mazoea ya kuja kila palipokuwa na jambo. Alikuja siku Yustina, binti yao, alipojifungua, na alikuja usiku ule bendera ya Mwingereza iliposhushwa. Marehemu wengine huja kudai sadaka. Huyu alikuja kuuliza habari, na Bernadeta alimpenda zaidi kwa hilo.

Akafungua pindo la kanga, akaitazama kadi yake ya kura. Kusoma hakujua, lakini alijua kwamba ule mstari wa juu ulikuwa jina lake, lile alilobatizwa na mapadri na lile la ukoo wake, yote mawili. Ilikuwa miaka mingi hajaitwa hivyo. Alikuwa Mama Yustina kwa majirani, na zamani kidogo alikuwa mke wa Anselmo. Kuna siku alijiuliza kama hilo jina bado lipo au limeshachakaa kwa kukaa bila kazi.

Mwaka wa hamsini na nane, Mwingereza bado yupo, Anselmo alivaa shati lake la kanisani akaenda kuandikishwa. Karani akamuuliza mambo matatu. Je, anapata paundi mia na hamsini kwa mwaka? Je, amesoma mpaka darasa linalotakiwa? Je, ana cheo kinachotambuliwa na serikali? Anselmo, kwa unyofu wake, akajibu kwamba yeye anachonga vinyago. Karani akamwambia hilo halimo katika maswali, asubiri wakati wake. Akarudi nyumbani, akalivua shati, akalikunja vizuri na kuliweka, akashika tindo. Alichonga mpaka jua likazama. Miaka miwili baadaye homa ikamchukua, huo wakati wake ukiwa bado haujafika.

Sasa ilikuwa mwaka wa sitini na tano, mwezi wa tisa, na sheria ilikuwa nyingine. Raia aliyetimiza miaka ishirini na mmoja, basi. Haulizwi mshahara, haulizwi darasa, haulizwi kama ni mwanamume au mwanamke. Bernadeta aliposikia hayo mara ya kwanza alimtaka msemaji ayarudie, kisha akayarudia mwenyewe njia nzima akitoka bombani na debe kichwani. Tangu siku ile alikuwa na azma moja tu moyoni: atakwenda kupiga kura aliyonyimwa Anselmo, na ataipiga vile ambavyo Anselmo angeipiga.

Na alijua angeipigaje. Wagombea walikuwa wawili, wote wa chama kimoja. Mmoja alikuwa mkubwa, tayari yumo bungeni, na alama yake ilikuwa jembe. Zamani mkubwa huyo aliwahi kumpa Anselmo mkono mbele ya watu na kukisifu kinyago chake, na Anselmo aliusimulia mkono ule mpaka watu wakamkimbia. Wa pili alikuwa karani wa ushirika, alama yake nyumba. Alikuja kwenye mkutano kwa baiskeli iliyokatika mnyororo, akakaa chini na wanawake, akasikiliza habari za bomba lisilotoa maji. Mkubwa alikuja kwa gari, akahutubia, akaondoka.

"Kumbe hata mkubwa anaweza kuachwa?" mwanamke mmoja aliuliza siku ile, kwa sauti ya chini.

Wakacheka kidogo tu, kwa sababu lilikuwa jambo geni kulifikiria. Bernadeta hakucheka. Yeye alishampa jembe kura ya mumewe na hakutaka kusumbuliwa.

Tatizo lilikuwa kwa mkwewe, ingawa asubuhi ile alikuwa bado hajalijua.

Mkwewe, mume wa Yustina, alikuwa mwalimu, na jina lake ni Alfonsi. Sisi tunaweza kulitaja. Bernadeta hakuwahi kulitaja hata siku moja, kwa sababu kwao kusini, upande wa Newala, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na hawatajani majina mpaka mmoja amzike mwenzake. Waliishi ua mmoja miaka saba. Yeye alikuwa na chumba cha uani chenye mlango wake, na walipokaribia kukutana mmoja aligeukia ukutani. Walipokuwa na la kuambiana walimwambia paka. "We paka, mwambie huyo mwenye nyumba mchicha umeiva." Na Alfonsi upande wa pili wa ukuta: "We paka, mwambie Mama asante, nimeleta sukari iko kwa Yustina." Paka alikuwa akilala tu. Mtu angeweza kucheka, na majirani walicheka sana, lakini hakukuwa na watu wawili katika Temeke nzima waliopendana kwa adabu kama hao.

Bernadeta alijipaka mafuta, akavaa kanga mpya, akaongozana na Yustina aliyembeba mtoto mgongoni. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Watu walijitokeza ndani yake mmoja mmoja, kwanza sauti, kisha kofia au kilemba, kisha mtu mzima anayesalimia. Shikamoo zilipishana na marahaba. Kila mtu alikuwa amevaa nguo njema na kila mtu alisema kwa sauti ya chini, kama wako msibani au harusini kabla ya ngoma kuanza. Mbele ya shule foleni ilikuwa imeshazunguka uwanja. Bernadeta akasimama mwisho wake, na kwa kitambo akaona tena vumbi la mpingo kwenye bega la mtu wa tatu mbele. Akafumba macho akafumbua. Ulikuwa unga wa mhogo kwenye bega la muuza duka.

"Mama, unatabasamu nini?" Yustina akauliza.

"Nimemwona baba yako."

Yustina hakubisha. Alishazoea.

Waliingia darasani jua likiwa limepanda. Ndani mliwekwa meza moja ndefu. Nyuma yake alikaa msimamizi wa kituo, Bwana Gaudens, karani kutoka Bukoba, mtu wa miwani na Kiswahili cha bara kilichonyooka kama rula. Upande mmoja alikaa Jamali, mfanyabiashara wa mbao, aliyekuwepo kumwangalizia mkubwa mambo yake, na upande wa pili kijana wa ushirika aliyemwangalizia mwenzake. Na katikati, mbele ya daftari kubwa, alikaa mtu ambaye Bernadeta, kwa kuona viatu vyake tu, alimtambua. Akajifunika kanga usoni haraka, akageuka akatazama ubao.

Yule karani wa daftari aliyetarajiwa alikuwa ameugua, na Mwalimu Alfonsi akaitwa ashike nafasi yake.

"Kadi, mama," Gaudens akasema. Akaisoma kwa macho, akamsogezea Alfonsi. "Tafuta jina hili, usome kwa sauti, wasikie."

Kurasa zikafunuliwa. Bernadeta akatazama ubao. Mtu alikuwa ameandika hesabu za kutoa na hakuzimaliza.

"Mwalimu?"

"Yumo," Alfonsi akasema. "Namfahamu huyu mama. Yumo, apewe karatasi."

"Soma jina."

Jamali akajinyoosha, akafuatisha mstari wa daftari kwa kidole. Alikuwa na macho mazuri kwa yasiyomhusu. "Kwenye kadi kuna majina mawili ya mtu," akasema. "Hapa kitabuni pameandikwa Mama Yustina. Mama Yustina ndiyo nini? Temeke hii wako wangapi?"

Gaudens akavua miwani, akaivaa tena. Ni Alfonsi mwenyewe aliyelinakili daftari lile mwezi uliopita, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri kuliko makarani wote wa eneo lile. Mamia ya majina alikuwa ameyaandika bila kosa. Alipofika kwenye mstari wa mama mkwe wake, mkono ulimgoma. Kwao kuandika ni kutaja, hata kama kalamu haina sauti. Akaandika Mama Yustina, akajiambia watu wote wanamjua, akaendelea na jina lililofuata. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa amefanya heshima, na heshima hiyo ilikuwa imemfuta mama huyu katika orodha ya raia.

"Sheria inataka yaliyomo kwenye kadi na daftarini yalingane," Gaudens akasema polepole. "Yasipolingana, hapigi kura."

Neno lile liliingia kifuani mwa Bernadeta likakaa. Aliona aibu, kisha akaona hasira. Miaka saba imepita, akawaza, bendera mpya, wimbo mpya, na bado kuna meza na karani na jibu ambalo halimo.

Alfonsi akainuka nusu, akamnong'oneza Yustina aliyekuwa karibu na mlango. "Mwambie Mama atoke, azunguke kwa dirisha la nyuma. Nitampitishia karatasi. Gaudens ni mtu mwema, atafumba macho."

Yustina akaufikisha ujumbe, machozi yakimlengalenga.

"Mwambie," Bernadeta akasema bila kugeuka, na darasa zima likasikia, "baba yako alifukuzwa kwenye mlango wa mbele. Mie nitapitia huohuo."

"Bibi, kura moja si kitu," Jamali akasema, na hakusema kwa ubaya, alikuwa na foleni ndefu na tumbo tupu. "Nenda kapumzike. Uchaguzi mwingine utakuja, utapiga. Subiri wakati wako."

Alikuwa hajui alichokisema. Bernadeta alikijua.

Gaudens aligonga meza kwa kalamu. "Iko njia," akasema. "Aliyeandika daftari anaweza kulisahihisha hapahapa, mbele ya mashahidi. Ataapa kwamba Mama Yustina wa daftarini ndiye huyu, atatamka jina lake kamili, wote wasikie, na ataliandika kwa mkono wake. Mimi siwezi kumfanyia, sikumwandika mimi. Mwalimu, tamka jina tu. Ni kitu kidogo."

Kwa mtu wa Bukoba huenda kilikuwa kidogo. Alfonsi alitoa leso akajifuta shingo. Akafungua mdomo, ukajifunga wenyewe. Wanawake wa kusini waliokuwa foleni walikuwa wameshaelewa, na mnong'ono wao ulianzia mlangoni ukafika uwanjani: mkwe wake, ni mkwe wake, hawezi. Mmoja akasema bora mama asamehe tu kuliko fedheha hiyo. Wengine wakaitikia.

Mwanga uliingia dirishani, chembe za chaki zikawa zinaelea ndani yake, na Bernadeta akahisi kama yuko chini ya maji, mahali ambapo mtu anaweza kukaa muda mrefu bila haraka. Akawaza juu ya huyu mtu aliyemletea sukari miaka saba. Angeweza kumwokoa. Angeweza kuondoka, na heshima ya nyumba ikabaki nzima, na kila mtu wa kwao angemsifu. Alijua ni wangapi wamesifiwa namna hiyo, mama yake mmojawapo, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka nini.

Kumwachia Alfonsi mzigo wote peke yake, hilo pia lilikuwa si haki.

Akaishusha kanga begani. Akageuka. Akamtazama usoni.

Alikuwa na nywele nyeupe mbili tatu juu ya sikio. Miaka saba, na hakujua. Alikuwa na kovu dogo kidevuni na macho ya mtu asiyelala vizuri, na mjukuu wake, aliyekuwa mgongoni mwa Yustina, alikuwa amechukua paji lile la uso lote zima bila kubakisha.

"Alfonsi," Bernadeta akaita.

Nje mtu alisema "Mungu wangu."

"Alfonsi Leonardi," akarudia, taratibu, kwa sauti aliyokuwa akimwitia Anselmo chakula kinapoiva. "Nimelitaja lako mie kwanza. Fedheha tumegawana. Sasa taja langu, mwanangu, nikapige kura."

Alfonsi alisimama wima kama mwanafunzi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Naapa," akasema, "Mama Yustina niliyemwandika ndiye huyu. Jina lake ni Bernadeta Namkoko."

Jina halikuwa limechakaa. Lilitoka likiwa na uzito wake wote, likajaa darasa, na Bernadeta aliliitikia kabla hajajua kwamba anaitikia. "Naam," akasema, mtu mzima na wajukuu wake, kama msichana aliyeitwa na mapadri. Alfonsi akainama akaliandika. Bernadeta aliutazama mkono wake ukitembea kwenye mstari, herufi moja ikimshika mwenzake mkono. Kijana wa ushirika akatia saini. Jamali akatazama kadi, akatazama daftari, akatia yake.

"Hapo hata mie sina neno," Jamali akasema.

Gaudens akampa karatasi mbili, ya Rais na ya mbunge, akamwelekeza nyuma ya pazia la gunia pembeni ya darasa.

Ya Rais haikumchelewesha. Ile ya pili aliiweka juu ya dawati, akashika penseli vile Anselmo alivyokuwa akishika patasi ndogo ya kumalizia. Jembe huku. Nyumba kule. Akangoja.

Alijua Anselmo atakuja. Alikuwa ametoka naye nyumbani, alikuwa naye foleni. Atasimama hapa begani, atasema weka hapo, mke wangu, yule mtu alinipa mkono. Akasikiliza. Alisikia viatu vya watu, kikohozi, mtoto wa Yustina akilia na kubembelezwa. Akanusa gunia na chaki. Hakuna harufu ya mpingo. Akangoja tena, na Anselmo hakuja.

Ndipo Bernadeta akaelewa alikokuwa. Hapa hapakuwa na mume, wala mkwe, wala mzee wa ukoo, wala padri. Huko nje walikuwepo wakubwa wenye magari na mihuri, na wote walikuwa wamegeuza nyuso zao pembeni, kwa sheria, wasimtazame mwanamke wa uani anayeshika penseli. Kumbe serikali nayo ina haya zake, akawaza. Kumbe imefundishwa kugeukia ukutani mtu anapopita. Aliiheshimu ghafla, kama mtu anavyomheshimu mkwe aliyelelewa vizuri, na palepale akahuzunika sana kwa ajili ya Anselmo, kwa sababu kura yake haikuwa pale. Haikuwahi kuwekwa akiba mahali popote. Walimnyima, akafa, ikafa naye, na hapakuwa na mtu wa kuirudisha, hata mke aliyempenda. Iliyokuwa pale ilikuwa moja tu, na mwenye nayo alikuwa ametajwa sasa hivi mbele ya watu.

Alilia kidogo, akiwa ameinama ili chozi lisidondokee karatasi. Kisha akawaza kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe anataka nini. Ilimchukua muda. Foleni ikaanza kunung'unika, na Gaudens akainyamazisha. Akaweka alama moja, nzito, akaikunja karatasi mara mbili, akatoka, akaisukuma ndani ya sanduku mpaka akasikia imefika chini.

Alipopita mbele ya meza hakujifunika. Alijua kesho wazee wa kwao watakuja na mikeka yao, kutakuwa na kikao, na kuku watachinjwa kuiosha ile aibu, na yeye na Alfonsi wataketi mbele yao kila mtu na faini yake. Hayo yalikuwa ya kesho. Alfonsi alikuwa ameshaita jina la mtu mwingine, lakini Bernadeta aliona wazi kwamba anacheka.

Nje ukungu ulikuwa umeondoka, na kila kitu kilikuwa mahali pake, makuti, mikorosho, mabati machache yakiwaka jua. Wanawake wakamzunguka. Wengine walimpa mkono, wengine walimkwepa macho, na mmoja alitaka kujua kama ni kweli amekosa adabu uzeeni. Yustina akamvuta pembeni, akahamisha mtoto bega hadi bega.

"Mama, nikwambie ukweli, nilidhani nitazimia." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Umemwekea yule yule? Wa baba? Umeweka jembe?"

Bernadeta alimtazama bintiye, akalifunga pindo la kanga lililokuwa tupu.

"Yustina," akasema, "hilo hata baba yako angefufuka sasa hivi akaniuliza, nisingemwambia."